Bi Haloo Atangaza Mpira

"Haloo, mpakani! Haloo, dada, usiniache! Nirudishie uwanja!"

Bi Haloo alichomoa waya mmoja, akachomeka mwingine, akainamia swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, kama mtu anayechungulia kisima. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limekwisha sahaulika katika jengo lile la redio. Neno lake la kwanza asubuhi lilikuwa haloo, la mwisho jioni lilikuwa haloo, na wenzake walisema hata akikanyaga mwiba atalia haloo. Basi jina likamganda, naye hakulipinga.

Lakini siku hiyo hapakuwa na mzaha. Timu ya taifa ilikuwa inacheza fainali ugenini, nchi jirani, na kwa mara ya kwanza redio yao changa ilikuwa imeahidi kuwaletea watu mpira wakati uleule unapochezwa. Mtangazaji waliyemtuma, kijana aliyeitwa Kasuku kwa jinsi alivyosema bila kupumua, alikuwa ameketi kando ya uwanja huko na simu mkononi. Sauti yake ilipita kwenye waya hadi kituo cha simu cha mpakani, upande wa nchi jirani. Hapo ilipokewa na dada mmoja ambaye Bi Haloo hakuwahi kumwona kwa macho, ikasukumwa tena mbele, ikavuka mabonde na mapori mpaka kwenye swichibodi hii. Kutoka hapa iliingia studio, ikapanda mnara, ikaenda kwa watu.

Na watu walikuwepo. Juu ya paa la jengo zilifungwa spika mbili kubwa zilizoelekea kiwanja cha mbele, na kiwanja kilikuwa kimefurika tangu jua la utosi. Wengine walikwea ukuta, wengine walibeba watoto mabegani. Mahali fulani katika umati ule alikuwamo mama mkwe wake Bi Haloo, bibi mfupi mwenye mdomo mkali, aliyependa mpira kuliko vijana wengi wa mtaa wao.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kasuku alimwaga maneno, spika zikanguruma, kiwanja kikapiga makofi. Kisha wenyeji wakafunga bao, kiwanja kikaguna. Kisha, huko njiani, mahali wasipopajua, mvua ikaanza kuzipiga nguzo za simu.

Sauti ya Kasuku ilianza kuzama. Juu yake ukaja mchemko, kama mafuta ya moto yaliyonyunyiziwa maji, na mchemko huo ndio uliotoka kwenye spika mbili za paani na kuwamwagikia watu.

Mluzi wa kwanza ulisikika. Halafu wa pili.

Bi Haloo alijua kinachofuata. Redio hii ilikuwa haijatimiza hata mwaka, na tayari mji umeipachika jina: Redio Ngoja-Ngoja. Kila mitambo ilipokwama, mtangazaji aliwaambia wasikilizaji wangoje kidogo, na kidogo hicho kingeweza kula jioni nzima. Mara ya mwisho walipojaribu kutangaza mbio za baiskeli na laini ikakatika, vioo vya mbele vilipigwa mawe. Mkurugenzi alikusanya vipande kwa mikono yake mwenyewe, kimya, na tangu siku hiyo alikuwa akitembea kama mtu anayesubiri kuitwa kufukuzwa kazi.

Bi Haloo alizibana hedifoni kichwani kwa viganja viwili na kufumba macho. Mchemko ulimjaa. Lakini chini ya mchemko, mbali, kama mtu anayesema akiwa ndani ya mtungi, palikuwa na Kasuku.

"...anageuka... anampasia... oo, beki anaondoa..."

Kabla ya redio, alikaa miaka mingi kwenye simu za posta. Aliwahi kupokea habari za vifo kupitia nyaya zilizooza, na maombi ya posa kupitia ngurumo za radi. Sikio lake lilikuwa limezoea kuchambua sauti kama mkono unavyochambua mchele: mawe huku, punje huku. Alivua hedifoni, akatoka mbio koridoni.

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichozungushiwa mablanketi ukutani ili sauti zisirudi. Nyuma ya kioo alisimama fundi mitambo, shati limemlowa mgongoni, akizungusha kila kitu kinachozungushika. Kando yake alikuwa Mkurugenzi. Na ndani, mbele ya maikrofoni, aliketi Radi.

Radi alikuwa ndiye redio yenyewe. Mtu mzima, mnene, mwenye sauti iliyotoka chini ya ardhi; akisoma habari hata mbwa hunyamaza. Watoto walimwiga njiani. Siku hiyo kazi yake ilikuwa kukaribisha matangazo na kuyafunga tu; lakini sasa alikuwa amekaa mdomo wazi, hana la kusema isipokuwa lile neno ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka.

"Namsikia," alisema Bi Haloo mlangoni.

"Unamsikia nani?" aliuliza fundi bila kugeuka. "Mimi nasikia sambusa zinakaangwa."

"Kasuku yupo. Yuko chini kabisa, lakini yupo. Kona sasa hivi imepigwa, kipa wao ameidaka. Nileteeni laini humu ndani, mimi nisikilize, nimwambie Radi, yeye atangaze."

Mkurugenzi alimtazama kama mtu anayezama anavyotazama unyasi. "Mfungie laini," alimwambia fundi. "Upesi!"

Wakamkalisha kwenye kigoda kando ya Radi. Taa nyekundu ikawaka. Bi Haloo akasikiliza na kumnong'oneza Radi sikioni, na Radi akafungua kifua chake.

"Naam, wasikilizaji wapenzi! Tumerejea uwanjani, ambako mapambano yamepamba moto!"

Kiwanja kilishangilia hata mablanketi yakatikisika. Lakini haukupita muda Bi Haloo akaona kasoro. Radi alikuwa mtu wa kupamba. Ukimpa neno moja, analivisha kanzu na kilemba kabla ya kulitoa nje. Alipokuwa akimaliza kueleza jinsi nahodha alivyoupokea mpira "kwa umahiri usio na kifani," mpira ulikuwa umeshanyang'anywa, umerushwa, umetoka, na Bi Haloo ana habari nne mdomoni zinazosukumana kama watu mlangoni.

"Shuti!" alinong'ona. "Shuti la winga wetu! Bao..."

"Baoooo!" Radi alinguruma.

"...limekosekana!" alimalizia Bi Haloo.

Alikuwa amechelewa; huko nje kiwanja kilikuwa kimelipuka. Kofia zilirushwa. Ilimbidi Radi awaambie watu, kwa ile sauti yake waliyoiamini kuliko saa ya mnara, kwamba bao halikuwa bao. Zikaja kelele za namna nyingine. Kitu kigumu kiligonga ukuta wa nje. Kikafuata kingine.

Radi alimtazama Bi Haloo. Kisha alifanya jambo ambalo watu wa redio walilisimulia kwa miaka mingi baadaye. Aliinuka taratibu kwenye kiti alichokikalia tangu siku ya kwanza ya redio, akamshika Bi Haloo mkono, akamkalisha hapo. Akainamisha shingo ya maikrofoni mpaka ikawa sawa na mdomo wake.

Nyuma ya kioo Mkurugenzi alikuwa anapunga mikono yote miwili: hapana, hapana! Bi Haloo aliijua ile hapana. Redio ilipofunguliwa alikwenda kuomba kazi ya utangazaji, akasomeshwa ukurasa mmoja, na Mkurugenzi akamwambia kwa upole kabisa kwamba sauti ya mwanamke ni nyembamba, mitambo haiipendi. Akapewa swichibodi. Alishukuru, maana alikuwa mjane na kazi ni kazi.

Radi aliiona mikono ya Mkurugenzi. Akapiga hatua, akasimama mbele ya kioo, na mgongo wake mpana ukakiziba chote.

"Sema, dada," alinong'ona. "Sema hivyohivyo unavyosikia. Usirembeshe."

Taa nyekundu ilimkodolea Bi Haloo jicho. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni kile alichokizoea.

"Haloo?"

Kiwanja kizima kilicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa cha mshangao, na ndani yake mawe yalisahaulika mikononi.

"Haloo, jamani," akasema tena, na sasa sauti ilikuwa imekaa. "Msinicheke, mpira unaendelea. Uko kwetu. Uko kwa namba sita. Amempa nahodha. Nahodha anaangalia... anaangalia... hana mtu. Amerudisha nyuma. Tulieni, hatujapoteza."

Alikuwa hajui mpira. Hivyo ndivyo alivyodhani. Marehemu mumewe alikuwa winga wa timu ya kiwanda cha sabuni, na kila jioni ya mechi alirudi nyumbani na uwanja mzima kichwani. Wakimaliza kula, angepanga vyombo mkekani: kikombe hiki ni kipa, vijiko hivi ni mabeki, kifuniko cha birika ni refa, maana hana faida. Angeucheza mchezo wote upya, huku mama yake akibishana naye na mkewe akisinzia, akiitikia "ehe" mahali ambapo ehe inatakiwa. Homa ilipomchukua, Bi Haloo alifunga mlango wa mambo hayo yote. Redio ya jirani ikitaja mpira, yeye huenda uani kufua.

Sasa alifumba macho, na mkeka ukatandikwa. Kasuku alipotaja beki, aliona kijiko. Alipotaja winga, aliona kidole cha mumewe kikikimbia ukingoni mwa mkeka.

"Winga wetu amepokea. Ameupokea mpira kama mgeni wa heshima: kaukaribisha, kaukalisha, sasa anaondoka nao. Beki mmoja huyo, amemwachia kanzu mkononi. Beki wa pili anakuja, huyu mnene, amechelewa, amechelewa... amekwisha pitwa! Mlango uko wazi! Anaingiza ndani, namba tisa anaruka..."

Akanyamaza kidogo tu, kama mtu anayemeza.

"Goli. Jamani, hili ni goli kweli. Refa anaonyesha kati. Tumesawazisha, moja kwa moja."

Kelele iliyopanda kutoka kiwanjani haikuhitaji spika. Mablanketi yalicheza ukutani. Radi, mgongo bado kiooni, alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyake viwili, na mabega yanamtetemeka.

Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kwamba msemaji ni mwanamke, au kwamba ni wa swichibodi. Alisema "mpira umetoka, ngoja wauokote," na watu wakangoja kwa raha. Alisema "huyo kipa wao mrefu kama ngazi," na watu wakamzomea kipa aliyekuwa nchi nyingine. Kipa wetu alipookoa mpira wa hatari aliwaambia, "Kaudaka kama mama anayedaka kikombe kinachoanguka, nusu ya roho imemtoka," na kila mwanamke kiwanjani akajishika kifua.

Kisha, mchezo ukiwa ukingoni, winga wetu alipoangushwa ndani ya eneo la adhabu na refa kupuliza filimbi, Kasuku alipaza sauti: "Penalti! Penalti kwe..." na akapotea.

Hapakuwa na mtungi tena, wala kisima. Palikuwa na mchemko mtupu.

Bi Haloo alibana hedifoni hadi masikio yakauma. Hakuna kitu. Huko nje watu walikuwa wameshasikia kutoka kwake neno penalti, na kiwanja kilikuwa kimya kama nyumba yenye mgonjwa. Radi aligeuka, akamsoma usoni, akaelewa. Akainama. "Mpigishe," alimnong'oneza mbali na maikrofoni. "Sema limeingia. Watatuua."

Ingekuwa rahisi. Midomo yake ilikuwa imekwisha kulipanga neno. Lakini aliwahi, siku za posta, kumhurumia mtu na kutaka kumpunguzia habari mbaya, na alijifunza kwamba waya si mali ya anayeushika.

"Haloo," aliwaambia watu. "Nitawaambia ukweli. Penalti ni yetu, lakini laini imekatika, simsikii mtangazaji. Sitawadanganya. Ngojeni."

Neno lenyewe. Radi alifumba macho kusubiri mawe. Jiwe halikuja. Umati ulisimama, ukangoja, kwa sababu aliyewaambia wangoje ndiye yuleyule aliyewaambia kwamba bao ni bao.

Na hapo, katikati ya mchemko, karibu kabisa na sikio lake, sauti nyingine iliingia. Ilikuwa kavu na nzito kidogo, sauti aliyoongea nayo kila siku ya Mungu kuhusu laini na zamu.

"Haloo, makao makuu? Dada, ni mimi, wa mpakani. Nakusikia kwenye redio; wewe humsikii, eti? Mimi namsikia. Waya wa huku kwangu ni mzima. Nikwambie?"

"Niambie, dada yangu! Niambie!"

"Wanabishana na refa. Haya, wametoka. Nahodha wenu ameuweka mpira chini. Ameuokota tena, anaufuta matope kwa shati."

"Nahodha anaufuta mpira matope," aliwaambia watu.

"Anarudi nyuma."

"Anarudi nyuma."

"Kipa anacheza mikono. Dada, mimi siwezi, natetemeka."

"Usitetemeke. Niko hapa."

"Anakimbia, amepiga... Limeingia! Dada, limeingia! Limeingia!"

Bi Haloo hakupiga kelele. Aliweka mkono mmoja juu ya meza, akasema polepole ili kila mtu apate haki yake: "Limeingia. Mbili kwa moja. Limeingia kweli."

Filimbi ya mwisho ililetwa na dada wa mpakani naye akilia waziwazi, maana kila upande wa mpaka ulikuwa na sababu yake ya kulia. Fundi mitambo alizima taa nyekundu. Nje palikuwa pamegeuka sherehe, watu walikuwa wanapiga makofi kwa mpigo mmoja na kuimba, "Haloo! Haloo! Haloo!"

Mkurugenzi aliingia, fundi nyuma yake. Radi alijisimamisha mbele ya Bi Haloo kama ukuta.

"Mimi ndiye niliyemkalisha," alisema. "Kama kuna wa kufukuzwa, ni mimi."

Mkurugenzi alimgeukia fundi. "Mitambo?" aliuliza.

"Mitambo nini, Mzee?"

"Sauti yake. Mitambo iliipokeaje?"

Fundi alikuna kichwa. "Sindano ya kipimo cha sauti haikutikisika. Bwana Radi akinguruma, mimi huwa nashika roho na kitufe cha sauti pamoja. Huyu nilimsikiliza tu, nikasahau hata kama niko kazini."

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Mawimbi ya haloo yalikuwa yanapita ukutani. "Nilikwambia jambo siku ile," alimwambia Bi Haloo. "Kuhusu mitambo. Sikuwa nimeiuliza." Alisita. "Jumatatu tutatafuta mtu wa swichibodi. Wewe utakaa humu. Na huyo mwenzako wa mpakani, mwambie... mwambie nchi inamshukuru."

"Nimeshamwambia," alisema Bi Haloo. "Lakini nitarudia."

Alitoka kwa mlango wa nyuma, jua likiwa limeinama. Alidhani atapita kimya, lakini mama mkwe wake alikuwa amesimama getini, kitenge kimemlegea, sauti imemkauka kwa kushangilia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Bibi alikikaza kitenge kiunoni. "Ile ya mgeni wa heshima. Anayekaribishwa na kukalishwa. Nani alikufundisha?"

"Mwanao, Mama."

"Nilijua. Nilimwambia mwanamke aliyekuwa kando yangu, hayo maneno nimeyazaa mimi." Alimfungia Bi Haloo kifungo cha blauzi kilichofunguka, kama anavyofungiwa mtoto wa shule. "Maskini, alikuwa anadhani husikii."

"Hata mimi nilidhani sisikii."

Wakaongozana. Barabara ilikuwa imejaa watu wasio na haraka ya kufika popote. Hakuna aliyemtambua Bi Haloo. Mji uliijua sauti tu, haukuijua sura. Mbele kidogo mwanamume mmoja aliyekuwa anakokota baiskeli aliwaona wawili hao wanatembea kimya, akawahurumia.

"Mama zangu, msiniambie hamkuusikia mpira!"

Bi Haloo alifungua mdomo. Mama mkwe wake akamfinya mkono.

"Tulikuwa msibani, baba," alisema bibi. "Hebu tueleze. Ilikuwaje?"

Mtu yule akachangamka. Akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa duka lililofungwa, akakunja mikono ya shati. Alieleza mvua, bao la wenyeji, winga na yule beki mnene; vyote alikuwa ameviona, kwa macho yake, na alikuwa tayari kuapa. Bi Haloo alisikiliza. "Ehe," aliitikia. "Ehe. Halafu?"

"Halafu penalti, mama yangu! Nahodha akauchukua mpira, akaufuta, hivi." Akajifuta kifuani. "Akauweka." Akainama, akaweka kitu kisichoonekana katikati ya barabara. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, macho hayabanduki mahali pale, na wapita njia, mmoja baada ya mwingine, wakasimama na kumpisha.